Fairbairn-Sykes, Ka-Bar, khukuri au M3: ununue nakala ya kisu kipi cha vita?

Jambia langu la kwanza la makomando wa Uingereza nililinunua mtandaoni. Muuzaji, ambaye simtaji, aliniapia kuwa ni la mwaka 1941 na kwamba limetoka katika sanduku la askari mzee. Siku lilipotoka forodhani nilikaa nalo sebuleni mpaka usiku wa manane. Wiki ya pili nilianza kulisoma vizuri, furaha ikaniisha. Mpini wake ulikuwa na pete za mviringo kuanzia juu hadi chini, umbo ambalo lilianza kutoka viwandani mwaka 1943. Kwenye bapa kulikuwa na nembo ya Wilkinson Sword iliyochorwa kwa asidi, nembo inayokwenda na majambia ya mwanzo, yale yenye mpini wa shaba uliochongwa miraba midogomidogo. Chini ya nembo palichongwa "1941". Kumbe nilikuwa nimelipia kitu halisi, nikapewa nakala.

Sikulitupa. Nakala si aibu, na wengi wetu hatutaweza kumiliki chochote kingine, kwa sababu visu halisi vya vita vimebaki vichache na bei zake zinapanda kila mwaka. Ila tangu siku ile nina kipimo kimoja ninachokitumia kabla ya kutoa pesa, na ndicho nitakachotumia hapa kulinganisha visu vinne ambavyo watu huniuliza zaidi. Kila kisu cha vita kilikuwa na kasoro yake. Kilitengenezwa haraka, kwa malighafi iliyopatikana, na watu waliokuwa wakijifunza huku mabomu yakianguka. Fundi anayekijua kisu kile ataibeba kasoro hiyo katika nakala yake. Asiyekijua ataisawazisha, ataipiga msasa mpaka ing'ae, kisha atachora nembo kubwa juu yake. Kwa hiyo mimi naanza na kasoro.

Jambia la makomando

Fairbairn-Sykes ni jambia jembamba lenye makali pande mbili na ncha kama sindano. Limebeba majina ya William Ewart Fairbairn na Eric Anthony Sykes, Waingereza wawili waliofahamiana Shanghai, ambako Fairbairn aliingia polisi ya jiji mwaka 1907 na kukaa humo zaidi ya miaka 30. Shanghai ya wakati ule ilijaa magenge, na mapigano ya visu mitaani yalikuwa jambo la kila wiki. Mwaka 1940 wawili hao walirudi Uingereza wakapelekwa Lochailort, Scotland, kufundisha askari wa kazi maalumu. Novemba mwaka huohuo walikwenda katika kiwanda cha Wilkinson Sword kueleza kisu walichokitaka, na Januari 1941 visu 50 vya kwanza vilikuwa tayari. Miezi miwili, kutoka mazungumzo hadi feleji mkononi.

Lina miundo mitatu, na hapa ndipo wauzaji wengi huchanganya. Muundo wa kwanza una kikinga vidole kilichopinda kama herufi S, na sehemu ya bapa iliyo karibu na mpini imeachwa tambarare, bila makali. Muundo wa pili una kikinga kilichonyooka, na bapa limerefushwa kidogo hadi karibu sentimita 18. Mipini ya miundo hii miwili ni ya shaba ya njano, imechongwa miraba ili isiteleze mkononi. Kisha shaba ikawa adimu kwa sababu ilitakiwa kwenye risasi na makombora, na pia kuchonga miraba ile kunakula muda. Ndipo ukaja muundo wa tatu: mpini wa pete, uliomiminwa katika kalibu kwa mchanganyiko wa zinki, ukapakwa rangi nyeusi. Juu ya mpini wa visu vingi vya aina hii utaona namba ndogo ya kalibu iliyovimba.

Kasoro yake? Ncha. Ni nyembamba mno, na askari waliokitumia kufungulia makopo au kubandulia mbao za masanduku waliivunja. Mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini nao ni mwembamba kama msumari mkubwa. Mpini wenyewe ni wa duara, kwa hiyo gizani mkono haukuambii makali yameelekea wapi. Rex Applegate, Mmarekani aliyefanya kazi na Fairbairn wakati wa vita, aliyaona hayo yote, na baadaye alisaidia kubuni kisu kingine kilichoyarekebisha. Lakini kilichorekebishwa ni kisu kingine, chenye jina lake. Ukiona nakala ya Fairbairn-Sykes yenye ncha nene na bapa pana kama la kisu cha kuchinjia mbuzi, fundi ametengeneza kitu anachodhani kingefaa zaidi, na kisu cha mwaka 1941 hakimo humo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulijua jambia hili. Mei 1942 makomando wa Uingereza, kikosi namba 5, walishiriki kuteremka Diego-Suarez kaskazini mwa Madagaska. Baadaye mwaka uleule brigedi ya askari wa King's African Rifles, vijana wa huku kwetu waliopewa amri kwa Kiswahili, iliteremka Majunga na kupigana kuelekea kusini mpaka Wafaransa wa Vichy, serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, walipokubali kushindwa. Kila nikilishika jambia langu nawaza kuwa baadhi ya vijana wale huenda waliliona likining'inia kwenye mshipi wa komando, nao wakiwa na panga zao viunoni.

Kuhusu ununuzi: Sheffield bado wanatengeneza muundo wa tatu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo nakala bora kwa mtu wa kawaida. Ni mji uleule uliotengeneza vya vita, kwa umbo lilelile, na muhuri wake unakuambia ulikotoka. Nakala za muundo wa kwanza na wa pili hutoka zaidi India na Pakistan. Zipo nzuri, lakini lazima uombe picha ya kikinga vidole kwa karibu na picha ya mahali bapa linapoingia kwenye mpini. Pakiwa na uwazi unaopitisha ukucha, achana nayo.

Kisu cha Marine

Ka-Bar ni mtoto wa malalamiko. Marine, yaani askari wa majini wa Marekani, waliokuwa wakipigana visiwani katika bahari ya Pasifiki walikuwa na visu vya aina nyingi. Vingine vilibaki tangu vita ya kwanza ya dunia, vingine vilikuwa majambia yaliyoigwa kwa Waingereza. Walichokosa ni kisu kimoja cha kukata kamba, kuchimba shimo, kufungua kopo, kupasua kuni, na ikibidi kupigana. Tarehe 23 Novemba 1942 jeshi lao lilikubali muundo mpya: bapa la sentimita 17.8, makali upande mmoja na kipande kidogo cha makali mgongoni karibu na ncha, mfereji ubavuni wa kupunguza uzito, na mpini wa pete za ngozi zilizopangwa moja juu ya nyingine kisha zikabanwa. Camillus, kampuni ya jimbo la New York, ilipeleka mzigo wake wa kwanza tarehe 27 Januari 1943. Union Cutlery ya mji wa Olean katika jimbo hilohilo, Robeson na Pal nao walitengeneza. Union Cutlery na Camillus kila mmoja alipita visu milioni moja kabla ya vita kwisha.

Jina lake lina kisa ambacho kampuni yenyewe imekisimulia miaka mingi. Mwindaji mmoja aliwaandikia kuwa kisu chao kilimsaidia kuua dubu, mwandiko wake ukawa mbaya kiasi kwamba kilichosomeka ni "k a bar" tu. Wakaifanya nembo ya biashara. Nembo hiyo ilipigwa kwenye visu vyao vya vita, na askari wakaanza kuita kila kisu cha muundo huo Ka-Bar, hata kikiwa cha Camillus. Mwaka 1952 kampuni ikaamua kujiita hivyohivyo.

Jambo kubwa la kujua kabla ya kununua ni hili: Ka-Bar inayouzwa leo kutoka Olean si nakala kwa maana ya kawaida. Ni kampuni ileile, mji uleule na muundo uleule. Feleji yake ya sasa ni ya aina iitwayo 1095, iliyoongezwa kromiamu na vanadiamu kidogo, na imepakwa rangi nyeusi, ilhali visu vya vita vilikuwa na ganda la kijivu la fosfeti. Zaidi ya hapo ni ndugu wa damu. Ukiliweka hilo kando ya jambia la makomando, ulinganisho hauko sawa kabisa: upande mmoja unanunua kumbukumbu, upande wa pili unanunua kisu ambacho kiwanda chake bado kinakitengeneza.

Kasoro ya Ka-Bar ni ile ngozi. Katika mvua za visiwa vya Solomon ilifanya ukungu, ikavimba, ikalegea. Mimi niko Tanga, na hewa yetu ya bahari ni ileile. Mwaka wa kwanza niliacha Ka-Bar yangu ndani ya ala yake ya ngozi kabatini. Nilipoitoa baada ya masika, mpini ulikuwa na unga mweupe na bapa lilikuwa na madoa ya kutu mahali palipogusana na ngozi. Ipo Ka-Bar ya mpini wa plastiki kwa wanaotaka kukitumia kisu porini, na kwa kazi ni bora. Lakini haina ile harufu, wala haizeeki pamoja na mkono wako. Anayetaka historia achukue ya ngozi na akubali kuihudumia.

Ukivishika viwili hivi, kimoja kila mkono, tofauti inaeleweka bila maneno. Urefu wao ni karibu sawa, sentimita 29 hadi 30 kwa jumla. Lakini jambia lina uzito wa kama robo kilo, nao umekaa mkononi, bapa halihisiki. Ka-Bar inakaribia gramu 320 na uzito umesogea mbele, kama kisu cha jikoni chenye afya njema. La kwanza halijui kufanya kazi zaidi ya moja. Cha pili kinajua kazi zote za kambi, na ile ya kupigana ni mojawapo tu.

Khukuri

Hapa nitakaa, kwa sababu hiki ndicho kisu ninachokipenda, na kwa sababu historia yake ilipita mtaani kwetu.

Khukuri ni kisu cha Nepal, bapa limepinda kwenda mbele na limenenepa karibu na ncha, uzito wote uko huko. Waingereza walikutana nacho katika vita vyao na Nepal vya mwaka 1814 hadi 1816, wakavutiwa na waliokishika kiasi kwamba mwaka 1815, kabla hata vita haijaisha, walianza kuandikisha Wagurkha, askari wa Nepal, jeshini mwao. Mpaka leo beji ya kofia ya Wagurkha wa jeshi la Uingereza ni khukuri mbili zilizopishana.

Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani, miongoni mwa waliofanikiwa kuingia mjini walikuwa askari wa Kashmir Rifles, kikosi cha India kilichokuwa na Wagurkha ndani yake. Walipigana nyumba kwa nyumba kabla ya kurudishwa nyuma. Jeshi zima liliondoka kwa meli, likaacha bunduki na risasi nyingi ufukoni. Kwa hiyo khukuri ilishatembea katika mitaa ninayopita kwenda sokoni, na kwangu hilo lina uzito kuliko nembo yoyote.

Kisha Burma. Babu yangu mzaa mama alikuwa katika King's African Rifles. Hakupenda kusimulia vita. Alichotaja ni tope, ruba na malaria ya bonde la Kabaw, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka katikati ya masika ya mwaka 1944 mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Alikuwa na maneno machache juu ya Wagurkha, yote ya heshima, na alikuwa akipinda kiganja chake kuonyesha umbo la kisu chao. Wao walikuwa na khukuri, askari wetu walikuwa na panga, na kazi ya kila siku ya vyuma hivyo ilikuwa kufyeka njia na kukata mianzi ya kujengea vibanda. Kamanda wa jeshi lote lile la 14, Jenerali William Slim, alikuwa amehudumu miaka mingi katika kikosi cha Wagurkha.

Kuna uzushi unaouzwa pamoja na kisu hiki, kwamba khukuri ikichomolewa haiwezi kurudishwa alani bila kuonja damu. Si kweli. Huko Nepal khukuri ni kisu cha nyumbani: kinapasua kuni, kinakata nyama, kinachinja mbuzi wakati wa sikukuu ya Dashain. Muuzaji anayeanza na hadithi ya damu huwa hajui mengine, na mimi humuaga mapema.

Khukuri ina kitu ambacho visu vingine vitatu havina: wahunzi wenyewe wapo. Huko Nepal, mijini kama Dharan na Bhojpur na katika bonde la Kathmandu, jamii za wahunzi bado zinafua khukuri kwa mkono. Chuma chao wanakitoa kwenye springi za malori, kama wanavyofanya wahunzi wetu wa jua kali wanaofua panga na majembe. Njia yao ya kukipa chuma ugumu ni nzuri kuitazama. Bapa likiwa jekundu, fundi anamimina maji kutoka kwenye birika juu ya makali tu, taratibu, akitembeza mkono mbele na nyuma. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki laini na haukatiki ukipiga gogo. Kisu cha namna hiyo, kikifuliwa leo asubuhi, sioni haki ya kukiita nakala.

Kasoro yake ya kutafuta iko kwenye ugumu usiolingana. Katikati ya tumbo la bapa ni gumu, lakini karibu na mpini na kwenye ncha huwa laini zaidi, na jiwe la kunolea linakuambia hivyo. Ukinunua khukuri ya duka la watalii ambayo ni laini mwili mzima, itapinda makali kwenye kuni ya kwanza. Ikiwa ngumu mwili mzima, ujue imetoka mashine. Tazama pia pengo dogo lililokatwa bapani karibu na mpini, linaloitwa cho au kaudi, na visu viwili vidogo nyuma ya ala. Karda ni kikali, cha kazi ndogo ndogo. Chakmak hakina makali, ni cha kunyooshea makali ya khukuri na kuwashia moto kwa jiwe. Visipokuwepo, au vikiwa vya bati la kuigiza, bei ishuke.

Kwa anayetaka muundo wa vita, uliza ule wa mwaka 1943, unaojulikana kama M43: mzito, mpana, mkia wa bapa umepita mpini mzima na kufungwa kwa ribiti. Unaweza pia kupata cha kale kabisa. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua ghala la zamani la silaha la serikali ya Nepal huko Kathmandu, na khukuri nyingi zilizotoka humo zimeingia sokoni, zingine bado zina grisi ya miaka mingi. Huo ni mmoja wa milango michache ambapo bei ya kitu halisi haijaachana sana na bei ya nakala nzuri.

M3 na jamaa zake

M3 nitaieleza kwa kifupi. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliikubali Machi 1943 kwa ajili ya askari wasiokuwa na singe kwenye bunduki zao, hasa askari wa miavuli. Ilibuniwa ili itengenezwe haraka na isile chuma kingi, na zaidi ya milioni mbili na nusu zilitoka kabla singe ya M4 kuichukulia nafasi Agosti 1944. Bapa ni la sentimita 17, jembamba, na mpini wa pete za ngozi zenye mifereji ya kushikia. Kasoro yake ndiyo hiyo: ni nyembamba mno kwa kazi za kambi, na haina umaridadi wa jambia la makomando. Nakala zake nyingi hubeba majina ya viwanda vya vita, Imperial au Case au Utica, yamepigwa upya kana kwamba ni ya kale. Hilo linanikera kuliko kitu chochote katika biashara hii. Mimi ningeinunua tu kama unakamilisha vazi la askari wa miavuli kwa maonyesho au mchezo wa kuigiza.

Kuna kimoja ambacho kipimo changu cha kasoro hakikifai. Kikosi cha Marine Raiders kilikuwa na jambia lake, lililoigwa kwa Fairbairn-Sykes na kutengenezwa na Camillus, mpini ukimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki. Zinki ile iliharibika kwa miaka. Mipini mingi ya asili imepasuka au imekuwa unga, na wanaomiliki vilivyobaki hawathubutu kuvishika. Hapa nakala yenye mpini imara inafanya kazi ambayo cha asili hakiwezi tena, nami siidai ibebe kasoro hiyo.

Kuhusu kisu cha mahandaki cha Marekani cha mwaka 1918, kile chenye pete nne za shaba za kuingiza vidole, ushauri wangu ni ukiache. Ni kisu cha kihistoria, na nakala zake zenye maandishi "U.S. 1918" zimejaa kila mahali. Lakini pete zile ni silaha haramu katika nchi nyingi hata bila bapa. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2021 ni kosa kuwa nazo hata ndani ya nyumba yako, na nakala mpya haiwezi kujitetea kuwa ni kitu cha kale.

Basi uchague kipi

Kama ndiyo unaanza na unataka kimoja tu, chukua Ka-Bar ya ngozi kutoka Olean. Huwezi kudanganywa kirahisi, ubora wake haubadiliki sana, na ukichoka nacho rafu itakubali kukiacha kwa rafiki anayekwenda porini. Kama moyo wako uko kwenye historia ya watu na siyo ya kazi, chukua jambia la muundo wa tatu la Sheffield. Usilinunue kwa kulitumia, maana halina matumizi ya halali zaidi ya kutazamwa na kusimuliwa. Kama una shamba, au unapenda kitu kilichofuliwa na mkono wa mtu, chukua khukuri, ulipe zaidi kidogo kwa fundi anayetaja kijiji chake. Kwa bei, mara nyingi nakala za M3 ndizo rahisi kabisa, na ndizo zinazojutisha mapema.

Pesa zikiwa chache, subiri. Nimeona watu wakinunua visu vitatu vya bapa linalong'aa kama sufuria mpya, kwa pesa ambayo ingetosha kimoja kizuri. Bapa linalong'aa namna ile huwa ni chuma kisichoshika kutu, wakati visu hivi vyote vinne vilikuwa vya feleji ya kaboni, inayoshika kutu na kupata rangi ya kijivu kwa miaka. Ukiona tangazo linajisifu kuwa kisu cha vita hakishiki kutu, unalo jibu tayari.

Kabla ya kuagiza, nenda ofisi ya forodha na polisi ya mahali unapoishi ukaulize, usitegemee maneno ya muuzaji aliye mbali. Jambia lenye makali pande mbili mara nyingi huwekewa sheria kali kuliko kisu cha makali upande mmoja, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na Ka-Bar. Ukisafiri, kisu kiende kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, kimefungwa na risiti iko juu yake. Jamaa walio Uingereza wakumbuke kuwa kukibeba hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, na duka haliruhusiwi kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Kikishafika, usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, hasa wewe wa Mombasa, Unguja au Tanga. Ngozi huvuta unyevu na chumvi, na dawa za kulainishia ngozi hutoa kutu ya kijani kwenye shaba. Ala ikae pembeni yake. Mimi napaka bapa mafuta ya cherehani kwa kitambaa chembamba kila mwanzo wa mwezi, na wakati wa masika kila wiki. Mafuta ya nazi yasitumike, yanachacha na kunata. Pete za ngozi za mpini zinapenda nta ya nyuki, kidogo sana, halafu zipanguswe.

Lile jambia langu la uongo bado ninalo. Mwaka jana nililipeleka kwa sonara mmoja karibu na soko, nikamwomba anichongee neno moja chini ya kikinga vidole, mahali ambapo mtu wa kawaida haoni lakini mnunuzi anayejua ataangalia. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu nitaliharibu. Akalichonga kwa herufi ndogo nzuri: NAKALA.